Utumbo Unapougua, Msuli Hupungua

Utumbo unaovimba kwa miezi au miaka hauishii kumsumbua mtu chooni. Hugusa umbo zima la mwili. Katika ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, na katika ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, kinga ya mwili huushambulia ukuta wa utumbo. Mgonjwa huharisha, huona damu kwenye choo, huchoka na hukonda. Kukonda huko ndiko kunakohitaji kutazamwa kwa makini, kwa kuwa msuli na mafuta havipungui kwa sababu moja, na wakati mwingine kimoja hupungua huku kingine kikiongezeka.

Aliyekosa chakula tu, mwili wake hutangulia kutumia akiba ya mafuta na kuulinda msuli kadiri inavyowezekana. Uvimbe huvuruga utaratibu huo. Chembe za kinga humwaga kwenye damu kemikali zinazoamuru msuli uvunje protini zake, nalo ini huzichukua kutengenezea protini za kupambana na ugonjwa. Kemikali hizohizo huondoa hamu ya kula. Utumbo wenye vidonda huvujisha protini pamoja na damu, na sehemu iliyoharibika hushindwa kufyonza hata kile kidogo kilicholiwa. Mtu akishalala kitandani wiki kadhaa kwa maumivu, msuli usiotumika nao hunywea. Kumwambia mgonjwa wa namna hii "ule sana" ni ushauri wa nusu: chakula kinaingia, lakini amri ya kuvunja msuli haijafutwa.

Kemikali inayojulikana zaidi kati ya hizo ni TNF, na historia yake inapita kwenye maradhi ambayo Afrika Mashariki inayajua vizuri. Katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, Anthony Cerami na wenzake waliwachunguza sungura walioambukizwa vimelea wa jamii ya wale wanaoleta malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Sungura walidhoofu vibaya huku damu yao ikiwa imejaa mafuta, jambo ambalo njaa ya kawaida haiwezi kulieleza. Mwaka 1985 Cerami na Bruce Beutler walionyesha kwamba kitu kilichokuwa kikikondesha hivyo hutoka kwenye kinga ya mwili wenyewe, na kwamba ndicho hichohicho TNF. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha infliksimabu, dawa inayoizuia TNF, kwa ajili ya ugonjwa wa Crohn.

Pemba, kisiwa kilichohesabiwa watu 543,441 katika sensa ya 2022, kimeingia kwenye majarida ya tiba kwa utumbo unaougua kwa sababu nyingine, nayo ni minyoo. Uchunguzi wa miaka ya 1990 uliwakuta wanafunzi zaidi ya 9 katika kila 10 wana minyoo ya safura, na idadi kama hiyo wana minyoo yenye umbo la mjeledi. Huyu wa pili ndiye anayekaribiana na habari ya Crohn. Ana urefu wa sentimita 3 hadi 5, hujichomeka kichwa ndani ya ukuta wa utumbo mpana na kubaki hapo. Wakiwa wachache, mtoto huenda asionyeshe lolote. Wakiwa mamia, utumbo mpana huvimba: mtoto huharisha kamasi na damu, nyama ya njia ya haja kubwa hutokeza nje anapojikamua, ncha za vidole huwa nene na za mviringo, na kimo husimama. Madaktari waliowafuatilia watoto wa aina hiyo nchini Jamaica waliona dalili zinazofanana mno na Crohn ya utotoni, tena TNF ilikuwa juu kwenye damu. Walipotolewa minyoo, watoto walirefuka kwa kasi.

Ushahidi wa Pemba wenyewe unagusa msuli na mafuta moja kwa moja. Mwaka 2004 Rebecca Stoltzfus na wenzake, wakiwamo watafiti wa Zanzibar, walichapisha matokeo ya jaribio lililowafuata kwa mwaka mmoja watoto 459 wa miezi 6 hadi 71. Baadhi walipewa mebendazoli, dawa ya minyoo, kila miezi mitatu, wengine kidonge kisicho na dawa. Kwa watoto waliokuwa chini ya miezi 30, dawa ilipunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mtoto kuwa mwepesi kuliko kimo chake na uwezekano wa kuwa na mkono mwembamba. Mama zao walisema hamu ya kula imeongezeka. Cha kushangaza, umri huo ndio ambao minyoo bado ni michache tumboni. Maelezo ya watafiti ni kwamba minyoo inayoingia kwa mara ya kwanza huamsha uvimbe, na uvimbe ndio unaoharibu matumizi ya protini mwilini. Hilo ndilo linalotokea kwa mgonjwa wa Crohn wa Ulaya asiyewahi kuwa na mnyoo hata mmoja.

Mkono uliopimwa katika jaribio hilo ni kipimo cha maana kuliko kinavyoonekana. Mhudumu hushika mkono wa kushoto wa mtoto, hutafuta katikati ya bega na kiwiko, huuacha mkono uning'inie, kisha huzungusha utepe bila kuukaza. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 utepe husoma nyekundu, utapiamlo mkali. Kutoka hapo hadi chini ya 12.5 husoma njano. Ndani ya mzunguko ule mna vitu viwili vinavyobadilika, msuli na mafuta yaliyo chini ya ngozi, na mfupa ambao haubadiliki upesi. Anayetaka kuvitenganisha huongeza koleo la kupimia unene wa ngozi iliyofinywa nyuma ya mkono, kisha hufanya hesabu. Maji yanayojaa miguuni na tumboni, ambayo humfanya mgonjwa aliyedhoofu aonekane mzito kwenye mizani, hayafichi sana mkono wa juu.

Kwa mtu mzima mwenye utumbo uliovimba, nguvu husema mapema kuliko kilo. Daktari anaweza kumwambia ainuke kitini mara tano bila kujishika. Akizidi sekunde 15, msuli unatiliwa shaka. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala mashine, na ni kasoro kwamba hakitumiki zaidi.

Mafuta nayo yana vituko vyake. Kwa wagonjwa wengi wa Crohn, wapasuaji hukuta mafuta ya tumboni yametambaa na kuukumbatia utumbo mahali hasa palipovimba, kiasi kwamba huyatumia kama alama ya kujua sehemu ya kukata. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba bakteria waliovuka ukuta wa utumbo hukutwa humo, na yaelekea mafuta hayo hujaribu kuuziba mpenyo. Lakini hutoa pia kemikali za uvimbe, na huchangia makovu yanayobana utumbo. Juu ya hayo huja prednisoloni, steroidi ya bei nafuu na yenye kutuliza haraka. Ikitumiwa muda mrefu huvunja msuli wa mapaja na mabega na kuhamishia mafuta usoni na tumboni. Mtaani mgonjwa husifiwa kwamba amenawiri, kilo zimerudi, huku akishindwa kupanda ngazi. Mgonjwa wa namna hii ndiye anayesahaulika kwa urahisi zaidi.

Kutibu huanza na uvimbe wenyewe. Uchunguzi wa wagonjwa wa Crohn waliopewa infliksimabu ulionyesha msuli wa paja ukiongezeka. Kwa minyoo ya mjeledi kazi imekuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000, imeshiriki majaribio kadhaa na watafiti wa Basel, Uswisi. Katika moja lililochapishwa 2014, albendazoli peke yake iliwaponya asilimia 2.6 tu ya wanafunzi. Katika jingine la 2022, kuichanganya na ivermektini kuliwaponya asilimia 49 ya wagonjwa wa Pemba, dhidi ya asilimia 6 ya waliopewa albendazoli pekee. Mtoto aliyemeza kidonge cha minyoo skuli asidhaniwe moja kwa moja kuwa utumbo wake ni safi.

Wapo waliopita njia ya kinyume kabisa. Mwaka 2005 madaktari wa Iowa waliwanywesha wagonjwa 29 wa Crohn mayai ya minyoo ya mjeledi ya nguruwe wakitumaini yatatuliza kinga, na wengi walipata nafuu. Majaribio makubwa yaliyofuata hayakuona tofauti na kinywaji kisicho na mayai hayo.

Uvimbe ukishashuka, msuli hujengwa kwa protini na kazi. Miongozo ya lishe ya Ulaya humtaka mtu mzima mwenye ugonjwa mkali apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 ahitaji gramu 72 hadi 90. Muhogo na wali haviwezi kuzifikisha. Samaki, dagaa, mayai, kunde na choroko vinaweza, vikigawanywa katika milo midogo. Mazoezi ya kuinua uzito mdogo yaongezwe maumivu yakitulia.

Anayeharisha damu kwa wiki kadhaa, akatumia dawa ya minyoo na ya amiba bila kupona, asiendelee kununua vidonge dukani. Aende hospitali akachunguzwe utumbo. Na daktari asiharakishe kuandika steroidi au infliksimabu kabla ya kuhakikisha hakuna kifua kikuu cha utumbo, ambacho hukondesha vilevile, hufanana na Crohn hata kwenye kamera ya kuchungulia utumbo, na dawa hizo hukichochea.