Kununua kambi ya kando ya mto: sababu gani tuliacha

Wandugu wa chama, wengi wananiuliza sababu gani hatukununua ile kambi ya kando ya Lufira. Nieleze mara moja, juu najua iko wengine kati yenu wenye kutafuta biashara ya namna ile mu pori.

Pahali ni pazuri, siwezi kudanganya. Vyumba sita vya wageni, uwanja wa mahema, miembe ya zamani, mto chini pale. Muzee mwenyewe aliomba dola 18.000 kwa vyote. Sisi watatu wa promosio moja tulikuwa tunaweka feza miaka mine.

Tulifika mwezi wa nane. Mu kiangazi mto uko chini, kila kitu kinaonekana kikavu, na hapo njo watu wanadanganyika. Nikaomba jembe, nikachimba karibu na mahema. Kufika sentimeta 40, udongo ulikuwa wa kijivu na madoa ya rangi ya kutu. Maana yake: kila mwaka maji yanakaa pale muda mrefu, hewa haiingii, chuma ya udongo inapoteza rangi yake. Maji yakishuka, hewa inapita njia ya mizizi na kutu inarudi. Matete nayo yalikuwa yameota mpaka nyuma ya choo, na choo kiko hatua kumi na mbili toka kisima. Mto ukijaa, choo na kisima vinachanga maji. Mgeni atakunywa nini?

Nikamuuliza muzee. Akajibu bila hasira: «Mwanangu, mu masika ninafungaka.» Kumbe hesabu yenye alituonyesha ilikuwa ya miezi ya kiangazi, wakaizidisha mpaka mwaka muzima.

Tena makaratasi. Kwa sheria ya 20 Julai 1973, udongo ni wa Leta. Mtu anapata konsesio tu, na haki yake inaonyeshwa na sertifika ya kuandikishwa. Muzee alikuwa na barua ya shefu wa kijiji. Barua ile inaonyesha kama majirani hawana ugomvi naye, ni kitu kizuri, lakini si sertifika. Na sisi tulitaka kununua kwa jina la sosiete: konsesio ya daima ni ya Mukongomani mwenyewe, mtu wa mwili, sosiete inapata ile ya kawaida, miaka 25 kwa wingi, halafu kuomba upya. Kwa hiyo kitu muzee aliweza kutuuzisha kweli ni vitanda, jina na wateja.

Tulimuomba tupange kambi miaka mitatu, tuhamishe choo kule juu, tufungue kiangazi tu. Akakataa. Anataka feza yote mara moja aende kwa mtoto wake Kolwezi, na ninamuelewa. Mwenzetu mmoja alinikasirikia, akatoa sehemu yake, akanunua pikipiki. Kibao cha «inauzishwa» kingali pale barabarani.