Kipimo Gani Huonyesha Kifua Kikuu?

Somo letu la leo ni vipimo vya kifua kikuu. Huenda unamjua mtu aliyekohoa majuma matatu, akapimwa, akaambiwa hana kitu, akarudi nyumbani kulala chumba kimoja na watoto wake. Na kikohozi kisikome. Je, kipimo kilisema uwongo? La. Kila kipimo kina mwisho wa kuona kwake.

Kwanza ni darubini. Robert Koch, daktari wa Ujerumani, alitangaza kuwa amevitambua vijidudu vya ugonjwa huu mwaka 1882. Hata leo mpimaji hupaka makohozi juu ya kioo, huyatia rangi, kisha hutazama. Kwa rangi iliyozoeleka, vijidudu huonekana kama vijiti vyekundu. Njia hii ni rahisi, na jibu laweza kupatikana siku ile ile. Lakini ili vionekane yafaa viwe vingi, yapata 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi. Watoto, na watu wenye virusi vya Ukimwi, mara nyingi huwa na vichache kuliko hivyo.

Pili ni picha ya eksirei. Hii huonyesha mapafu yaliyoharibika, lakini kovu la zamani, nimonia au saratani vyaweza kufanana na kifua kikuu. Picha husema kuna jambo. Haisemi jina lake.

Tatu ni kuotesha. Mkulima asiyeijua mbegu huipanda aone itakayoota. Vivyo hivyo makohozi hutiwa katika chakula cha vijidudu na kuwekwa penye joto. Hata vijidudu vichache sana huota, na dawa huweza kujaribiwa juu yake. Kasoro ni muda: jibu laweza kungojewa hata majuma 8.

Nne ni mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiunga mkono mwaka 2010. Hii hutafuta alama za urithi za kijidudu. Kwa muda wa saa 2 hivi hutoa jibu, tena huonyesha kama kijidudu ni sugu kwa dawa ya rifampisini. Lakini huhitaji umeme, na vikasha vyake ni ghali. Tena yaweza kuona masalio ya vijidudu vilivyokwisha kufa. Kwa hiyo haifai kupimia maendeleo ya mgonjwa anayetibiwa.

Basi, kipi bora? Hushirikiana, kama mashahidi barazani. Nawe una sehemu yako. Toa makohozi yatokayo ndani ya kifua, si mate. Na ukiambiwa, "Hatukuona vijidudu," nawe ungali unakohoa, unakonda, na kutoka jasho usiku, usikae nyumbani. Rudi, uulize kama kuna kipimo kingine.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
1. Kwa nini mgonjwa aweza kupimwa kwa darubini asionekane na vijidudu?
2. Kuna tofauti gani kati ya makohozi na mate?

Kwaheri mpaka somo lijalo.