Mshipa Upi? Lugha, Mitishamba na Majeraha ya Uti wa Mgongo

Katika somo letu la tafsiri, wanafunzi walituletea tangazo walilolinukuu mtaani Buyenzi: dawa ya mitishamba inayotibu mishipa, kiuno na kupooza. Tuliwataka walitafsiri kwa Kifaransa. Wa kwanza aliandika mishipa ya damu, wa pili neva, wa tatu kano. Nani alikosea? Hakuna, kwani neno mshipa hubeba maana zote hizo, sawa na umutsi wa Kirundi. Ndiyo maana Kiswahili sanifu kikaongeza mshipa wa fahamu, au neva.

Utata kama huo umo katika uti wa mgongo. Wengi hulitumia jina hili kwa mifupa ya mgongo na pia kwa kamba laini ya neva ipitayo ndani yake. Wanabaiolojia huiita kamba hiyo ugwe mgongo.

Tofauti hizi si za kamusi tu. Mtu akianguka kutoka juu ya mchikichi au akigongwa na pikipiki, mfupa uliovunjika unaweza kuunga. Neva ya mkono au mguu iliyoumia nayo inaweza kuota tena, takriban milimita 1 kwa siku. Lakini nyuzi za neva za ubongo na ugwe mgongo hazioti hivyo kwa mtu mzima: kovu hufanyika, na tishu zinazozizunguka huzuia ukuaji. Mwaka 1981, Samuel David na Albert Aguayo wa Montreal waliwapandikizia panya vipande vya neva ya mguu, na nyuzi za ugwe mgongo zikakua ndani ya vipande hivyo. Kumbe kizuizi kikubwa kimo katika mazingira ya uzi.

Je, mitishamba? Upo mmea utambaao penye unyevu, wenye jani la umbo la sikio, uitwao gutwikumwe, kwa jina la kitaalamu Centella asiatica. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa dondoo lake liliharakisha kupona kwa panya. Hata hivyo, neva iliyojeruhiwa ilikuwa ya mguu, si ugwe mgongo. Na panya si binadamu. Hadi leo hakuna mmea uliothibitishwa kuunganisha ugwe mgongo wa mtu uliokatika.

Basi mbona wengine hunywa dawa wakapata nafuu? Baada ya ajali uvimbe hupungua, na sehemu za ubongo zilizo salama hujifunza kazi mpya, hasa kwa mazoezi ya viungo. Nafuu hiyo huja hata bila dawa, nayo dawa ikapewa sifa. Hatari kubwa ni kumkanda au kumnyosha mgongo majeruhi kabla hajapigwa picha hospitalini, kwani mfupa uliovunjika unaweza kuukata ugwe uliokuwa mzima.

Hatuwadharau waganga wetu. Kirundi chenyewe huita dawa umuti, neno lenye shina moja na mti wa Kiswahili. Lakini sisi walimu na wanafunzi wa lugha ndio tunaoombwa kutafsiri kati ya jamaa za mgonjwa na daktari. Kabla ya kutafsiri, tuulize kwanza: mshipa upi?