Kuepusha fidia ya moto na ushuru

WALIOPOTEZA nyumba katika mioto ya nyika jimboni California, Marekani, walikabiliwa na hasara ya pili fidia ilipowafikia. Serikali kuu iliweza kuihesabu kuwa mapato na kuitoza ushuru, hata ile sehemu iliyokwenda kwa mawakili bila wao kuishika.

Mbunge Mike Thompson wa chama cha Democratic, ambaye eneo lake la Santa Rosa na Napa liliungua 2017, alishirikiana na Greg Steube na Doug LaMalfa wa Republican kurekebisha dosari hiyo. LaMalfa aliwakilisha mji wa Paradise, ulioteketea Novemba 2018 na watu 85 kufariki.

Mswada ulikwama hadi wabunge 218 walipotia saini ombi la kulazimisha upigiwe kura. Mei 2024 ulipita kwa kura 382 dhidi ya 7, naye Rais Joe Biden akautia saini Desemba 12, 2024.

Thompson, aliyejeruhiwa akiwa askari Vietnam, aliunga mkono pia sheria ya 2022 ya wanajeshi wastaafu. Kwa maradhi kadhaa, mkongwe aliyehudumu palipokuwa na moshi wa sumu halazimiki tena kuthibitisha chanzo cha ugonjwa wake.

Hata hivyo, nafuu ya ushuru iliwekewa mpaka: ilihusu fidia iliyolipwa kuanzia 2020 hadi mwisho wa 2025. Mioto ya Los Angeles ya Januari 2025 iliharibu majengo zaidi ya 16,000, na kesi za aina hiyo huchukua miaka.