Ubao wa Upenuni: Chanzo cha Uozo na Namna ya Kuubadilisha

Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna ya kubadilisha ubao wa upenuni uliooza, yakirejelea nyumba za mabati za Nyamarambe, Mugirango Kusini, katika Kaunti ya Kisii. Ubao huu, ambao mafundi wengi nchini Kenya huuita fishabodi, hupigiliwa kwenye ncha za makombamoyo. Huzikinga ncha hizo na mvua, na aghalabu ndio unaobeba mfereji wa paa, yaani gata. Kwa hiyo, ubao ukioza gata hulegea, na aila inayotegemea maji ya paa hurudi kuyateka mtoni.

Chanzo cha uozo

Husemwa mara nyingi kwamba ubao umeoza kwa sababu ya uzee. Dai hili halina mashiko. Ubao huozeshwa na kuvu, nazo haziwezi kustawi pasipo unyevu. Unyevu ukikaa chini ya asilimia 20 ya uzito wa ubao mkavu, kuvu hukosa riziki. Katika nyanda za juu za Kisii, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 1,500, ubao uliolowa huchelewa kukauka.

Hali hii huchochewa na kasoro tatu za ujenzi. Kwanza, bati fupi lisilopita ukingo wa ubao huacha maji yatiririke juu yake. Pili, gata iliyozibwa na majani hufurika kwa nyuma. Tatu, ncha za ubao zilizokatwa na kuachwa bila rangi hunyonya maji kwa wepesi kuliko ubavu wake.

Hatua za kazi

Kazi hii yafaa ifanywe Januari au Februari, kabla ya mvua za masika. Fundi huanza kwa kuudunga ubao kwa bisbisi. Panapozama bila upinzani pameoza, hata kama rangi ya juu ingali inang'aa. Kisha huteremsha gata, akang'oa misumari na kukagua ncha za makombamoyo. Ncha iliyoathirika hukatwa hadi kwenye mti mzima, na kipande kipya hufungwa ubavuni.

Ikiwa uozo ni wa sehemu tu, ubao hukatwa mahali palipo imara, katikati ya upana wa kombamoyo, ili vipande vyote viwili vipate pa kupigiliwa. Mkato uwe wa mshazari, usiruhusu maji kutuama kwenye kiungo. Ubao mpya, aghalabu wa inchi 8 kwa 1, sharti uwe umekauka. Mkaratusi mbichi hupinda na kupasuka. Upakwe rangi pande zote pamoja na ncha kabla ya kupandishwa, kwani upande wa ndani haufikiki tena. Mwishowe, gata hurejeshwa ikiwa na mwinamo kuelekea tangi, na bati lipite ubao kwa sentimita 5 hivi.

Hitimisho

Imebainika kwamba kubadilisha ubao bila kurekebisha bati na gata ni kuandaa uozo mwingine. Wahenga walionya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye nyumba Nyamarambe, ufa huo ni njia ya maji, na hauna budi kuzibwa kabla ubao mpya haujanunuliwa.