Usalama wa Mgonjwa (4): Daktari aliyejiandikia makosa yake

Wasomaji waliokuwa nami tangu sehemu ya kwanza wanakumbuka tulivyotenganisha kosa na uzembe. Leo nilikusudia kuzungumzia maambukizi ya vidonda vya upasuaji, lakini habari za Marekani zimenivuruga. Medicare, bima ya serikali inayowahudumia hasa wazee, imezitaka hospitali inazozilipa zitoe, kwa takwimu za mwaka 2026, taarifa za kielektroniki za wagonjwa waliolazwa ambao sukari yao ilishushwa mno na dawa, na wale ambao ilipanda mno. Mwaka 2027 yanafuata madhara ya dawa za maumivu za jamii ya afyuni; mwaka 2028, vidonda vya mgandamizo na figo kuumia ghafla. Zamani hospitali ilijichagulia vipimo hivi. Sasa ni lazima, na atakayekaidi hukatwa robo ya nyongeza yake ya malipo ya mwaka.

Jambo jipya ni kwamba hakuna anayejaza fomu ya kukiri. Kompyuta inalipekua faili la mgonjwa na kulichomoa kosa yenyewe.

Wanaonijua watacheka, maana siwezi kuongelea hospitali dakika kumi bila kumtaja Ernest Amory Codman wa Boston. Mwanzoni mwa karne iliyopita daktari huyu wa upasuaji alikuja na wazo ambalo mtoto angeliona la kawaida: kila mgonjwa awe na kadi, iandikwe alikuja na nini, akafanyiwa nini, kilichoharibika ni kipi, na baada ya mwaka atafutwe aulizwe hali. Kama hakupona, iandikwe sababu. Ujuzi ulipungua? Uamuzi ulikuwa mbaya? Vifaa?

Wenzake hawakutaka. Katika Massachusetts General Hospital vyeo vilikwenda kwa umri kazini, na kadi zingefichua nani anaponya na nani anajulikana tu. Codman akajiuzulu mwaka 1914. Januari 1915, mbele ya mkutano wa madaktari, alifunua katuni kubwa ya mbuni aliyefukia kichwa mchangani huku akiwarushia madaktari mayai ya dhahabu kwa mateke. Mbuni ndiye tajiri wa mtaa wa Back Bay, mgonjwa asiyeuliza. Ukumbi ulichafuka, na haikupita muda akapoteza na nafasi yake Harvard.

Alikuwa na kihospitali chake. Kati ya 1911 na 1916 waliruhusiwa humo wagonjwa 337, na Codman akachapisha makosa 123, yake mwenyewe yakiwemo. Nimezisoma takwimu hizo mara nyingi, na bado napata baridi. Ni daktari gani leo angezibandika mlangoni kwake?

Chama cha madaktari wa upasuaji cha Marekani kilichukua sehemu ya wazo lake kikakagua hospitali zenye vitanda 100 na zaidi. Kati ya 692, zilizofikia kiwango cha chini kabisa zilikuwa 89. Mwaka 1919, usiku wa kuamkia mkutano katika hoteli ya Waldorf Astoria, New York, orodha ikatiwa motoni isije ikaangukia mikononi mwa magazeti. Codman alifariki mwaka 1940, na kaburi lake halikuwekwa jiwe hadi 2014.

Moto huo wa hotelini si wa Wamarekani peke yao. Nikiwa kijana kazini nilikabidhiwa daftari la wodi lenye safu ya matukio. Miezi kumi na moja, kalamu ileile, mwandiko uleule: hakuna, hakuna, hakuna.

Nafasi imeniishia, nirudi kwenye sukari. Kompyuta inatafuta kipimo kilicho chini ya 40 (kwa mashine zetu, 2.2) ndani ya saa 24 tangu mgonjwa apewe insulini au dawa nyingine ya kushusha sukari. Kipimo cha pili kikisoma zaidi ya 80 ndani ya dakika tano, cha kwanza huhesabiwa kuwa kilikosewa, labda damu ilikuwa haba kwenye kijiti. Mchezo wote uko kwenye hizo dakika tano. Muuguzi akipima kwa mashine moja, akahakikisha kwa ya wodi ya jirani ambayo saa yake imechelewa dakika nane, faili litasimulia kisa ambacho hakikutokea. Insulini ya saa mbili asubuhi ikiingizwa kwenye kompyuta mwisho wa zamu, vivyo hivyo.

Ninalochelea ni msimamizi atakayewahimiza wauguzi wawahi kipimo cha pili ili takwimu ipendeze, wakati mgonjwa anatoka jasho na anahitaji glukosi kwanza. Kabla ya kununua programu yoyote, hospitali imtume mtu mmoja na saa iliyo sahihi azunguke wodi zote, alinganishe kila mashine, aandike tofauti aliyoikuta. Na aweke sahihi yake.