Daraja la vipande vitatu

Je, wajua kwamba katika stesheni ya Gare du Nord, Brussels, treni hupita juu ya vichwa vya abiria? Unakata tiketi ukumbini, unaingia kwenye njia iliyo chini ya reli, halafu unapanda ngazi hadi jukwaani. Jengo hili lenye mnara wa saa ni la miaka ya 1950. Mwaka 1952 ndipo ilipofunguliwa reli inayolivuka jiji mpaka stesheni ya Gare du Midi.

Sasa mpe mtoto wa miaka miwili vipande vya mbao, umwombe ajenge stesheni hiyo. Atavipanga mstari sakafuni, au atavirundika mpaka vianguke, acheke, aanze upya. Njia ya kupita chini ya reli hataijenga. Mwalimu wa Kimarekani Harriet Johnson aliandika mwaka 1933 kuhusu hatua wanazopitia watoto: kwanza huvibeba tu huku na huko, kisha huja mistari na minara, ndipo daraja.

Daraja ni vipande vitatu: viwili vimesimama, kimoja kimelala juu yavyo. Ugumu uko kwenye ile nafasi ya kati. Mtoto apime kwa jicho kama kipande cha juu kitafika pande zote mbili. Kikidondoka, anasogeza nguzo moja, tena kidogo mno, anajaribu kilekile, kinadondoka tena. Kuchukua kipande kirefu zaidi ni wazo linalochelewa. Hapo anajifunza urefu na umbali kabla hajajua kuhesabu vizuri, na mtu mzima aliye karibu hujikuta akisema juu, chini, katikati, pembeni, maneno ambayo mtoto anayahitaji wakati huohuo.

Miaka ya 1970 huko Geneva, wanasaikolojia Annette Karmiloff-Smith na Bärbel Inhelder waliwapa watoto vipande wavisawazishe juu ya ufito mwembamba wa metali. Baadhi vilifichwa uzito upande mmoja. Wadogo wa miaka minne hivi walifaulu, kwa kusogeza tu mpaka mkono uhisi kimetulia. Wa miaka sita wakashindwa! Hao walishaamini kwamba kila kitu husimama kikishikwa katikati. Wakakiweka kipande chenye uzito katikati, kikaanguka, wakakirudisha palepale, wakasema hakiwezekani. Wa miaka minane walifaulu tena, wakizingatia uzito. Mimi nayaamini matokeo haya kuliko tangazo lolote la wauza vitu vya kuchezea: mtoto anayekosea huenda amepiga hatua, na mzazi anayekimbilia kumrekebisha anamkatiza akiwa kazini.

Wala si lazima kununua vipande. Ni kweli, vitofali sita tu vya Lego, vya vichwa vinane kila kimoja na rangi moja, huunganika kwa namna 915,103,765. Lakini mtoto wa Morogoro au Bukavu anayekunja waya kuwa gari na kukata magurudumu kutoka kandambili kuukuu anatengeneza hata vipande vyenyewe. Usukani wake ni waya mrefu unaofika kifuani, ili aendeshe huku akitembea wima. Ekseli ya mbele akiifunga imara mno, gari halikati kona, akiilegeza, linayumba. Atafungua na kufunga mpaka lifuate njia.